Mwaka wa Nukta Tatu

Mwezi uliopita, tulipomzika Mwalimu Ombaso kwake Itumbe, mfawidhi wa mazishi aliwaomba wajukuu wasimame mbele ya hema wahesabiwe, ili watu wajue mzee ameacha nini. Wakaanza kusimama, wakubwa wakiwa wamewabeba wadogo mgongoni. Anti yangu, mjane wake, aliyekuwa ameketi karibu na jeneza tangu asubuhi, akainua mkono. "Waketi," akasema. "Ni wengi. Hiyo inatosha." Mfawidhi, kijana wa mjini, akacheka akidhani ni mzaha, kisha akaziona nyuso za wazee akashusha kipaza sauti. Kwetu watu hawahesabiwi kwa kidole, hasa watoto. Ukiwahesabu ni kama umeonyesha mahali pa kupunguza. Nilikuwa nimesimama nyuma, chini ya migomba, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza siku ile. Nililia kwa sababu palikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye, kwa neno lile la Anti, angegeuka anitafute katikati ya umati, anikonyeze, aniambie kwa macho kwamba hapo pana hoja, tuirudie baada ya chakula. Na mtu huyo ndiye tuliyekuwa tukimzika.

Nataka kuandika juu ya mwaka mmoja tu, ule niliokaa nyumbani kwao. Nilikotoka na aliyenizaa si habari ya hapa. Itoshe kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nimeondoka chuo kikuu bila kufukuzwa na bila ugonjwa wenye jina. Nilikuwa nasomea hisabati. Katika mtihani mmoja niliandika mstari wa kwanza, nikaona una kasoro, nikaukata. Nikauandika upya, nao nikaukata. Saa zilipokwisha nilikuwa na karatasi iliyojaa mistari iliyokatwa, na badala ya kuikabidhi niliikunja nikaitia ndani ya soksi, nikatoka nikichechemea kama mtu mwenye kidonda. Mtihani uliofuata sikuingia kabisa. Chuo kiliniruhusu niahirishe masomo kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha nami sijarudi, nafasi yangu ingefutwa, na nyumbani kwetu hapakuwa na mtu wa kunitafutia nyingine. Kwa hiyo nilipelekwa Itumbe, nikachume majani chai, kichwa kipoe.

Chumba nilichopewa kilikuwa cha kuivishia ndizi. Mikungu ilikuwa imelazwa chini ya kitanda, imefunikwa magunia, na kila asubuhi niliamka ndani ya harufu tamu kidogo kuliko ya jana, mpaka siku moja ilikuwa tamu kupita kiasi na Anti akaja kuibeba mikungu yote, kisha akaleta mibichi, tukaanza upya. Dirisha lilitazama bonde. Ukungu ulipanda kutoka mtoni, ukaingia bila kubisha hodi, ukakaa juu ya blanketi. Upepo ukigeuka ulileta harufu ya kiwandani, ya majani yaliyonyauka kabla ya kukaushwa, na mpaka leo nikiisikia harufu hiyo popote, hata kwenye kikombe cha mkahawa wa mjini, najihisi nimelala chali nikitazama mabati, nikiwa sina deni la kumaliza chochote. Lakini nasema uongo kidogo. Deni nilikuwa nalo, na kila siku nililiwaza. Ni kwamba mahali pale palikuwa na namna ya kulifanya lionekane mbali, kama kilima ng'ambo ya bonde.

Mwalimu Ombaso alikuwa amestaafu kufundisha hisabati katika shule za sekondari, na sasa alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato na mkulima wa majani. Alinifundisha kuchuma: majani mawili na chipukizi moja, mikono miwili ikienda kama inacheza kinanda, bila kutazama. Siku za kwanza nilitazama kila chipukizi, nikalipima kama ni laini vya kutosha, nikawa nabaki nyuma peke yangu katikati ya mstari wenzangu wakiwa wamefika chini. Alirudi akasimama karibu nami. "Gesare," akasema, "unachuma au unawahoji?" Nikamwambia nataka mstari wangu uwe safi, nisiache hata moja. Akacheka. "Ukifika chini, huku juu patakuwa pameota tena. Shamba la majani halina siku ya kumaliza. Lina siku ya kuchuma tu." Wakati ule niliona ni maneno ya kumfariji mvivu. Sikujua kwamba tayari tulikuwa tumeanza kubishana.

Ubishi wenyewe ulizaliwa mezani, mchana wa Sabato. Wageni walikuwa wamekuja kutoka Nyaramba baada ya ibada, na chakula kilikuwa kimepikwa tangu Ijumaa kabla jua halijazama: chinsaga, mboga ya kienyeji iliyolala kwenye maziwa mpaka uchungu wake ukaisha, maharagwe, na obokima, ugali wa wimbi ambao Anti aliufunika vizuri hata ukawa bado laini. Alinituma nitoe sahani. Nami, kwa kuogopa kuleta chache au nyingi, nilisimama mlangoni nikaanza kuwaonyesha wageni kwa kidole: mmoja, wawili, watatu. Mke wa binamu yangu, aliyekuwa mjamzito, akavuta shali akajifunika tumbo. Anti alinijia akanishika kile kidole, akakikunja ndani ya kiganja changu taratibu, kama anayefunga kisu.

"Unahesabu wageni wangu?"

"Nilitaka sahani zitoshe, Anti."

"Sahani hutoshelezwa hivi." Akachukua rundo zima la sahani za bati akapita nazo, kila mtu sahani yake, bila kutaja nambari. Moja ilibaki mkononi mwake, akanipa. "Umeona? Hakuna aliyekosa, hakuna iliyobaki. Nimejua, na sijamhesabu mtu."

Ningekaa kimya. Lakini kwa miezi mingi nilikuwa nikijisomea peke yangu, kwa simu na kwa kitabu cha fotokopi kisicho na jalada, hisabati ambayo chuoni tulikuwa hatujaifikia: habari za seti zisizo na mwisho. Na kile alichokifanya Anti ndicho kilichokuwa ukurasa wa kwanza. Nikasema, sahani mkononi, mbele ya wageni wote, kwamba ndivyo hasa hisabati inavyolinganisha bila kuhesabu, na kwamba kwa njia hiyohiyo nambari shufwa ni nyingi sawasawa na nambari zote. Moja mpe mbili, mbili mpe nne, tatu mpe sita. Kila nambari ina sahani yake, hakuna inayokosa, hakuna inayobaki. Nusu ni sawa na zima.

Mgeni mmoja, mama mnene mwenye kofia ya kanisani, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, hii ndiyo iliyokutoa chuo?"

Watu wakacheka, na Anti akacheka, na mimi nikatamani ukungu uingie unichukue. Ni Mwalimu tu ambaye hakucheka. Alikuwa ameinamia chakula chake, akilifinya tonge la obokima kwa muda mrefu bila kulitia mdomoni. "Sahani za Mama Moraa ziliisha," akasema mwishowe, akimtaja Anti kwa jina la mwanawe. "Ndiyo maana tumejua. Alifika kwa mtu wa mwisho akaona. Sasa hizo zako, Gesare, mtu wa mwisho amekaa wapi?"

"Hayupo, Mwalimu. Lakini kanuni inamfikia kila mmoja."

"Kanuni si sahani. Kanuni ni ahadi ya sahani." Akatia tonge mdomoni. "Watu hawali ahadi."

Tangu siku ile tulibishana mwaka mzima. Mahali petu palikuwa barazani, jioni kabla ya chakula, baada ya majani kupelekwa kituoni kupimwa. Tuliongea Ekegusii kwa mambo yote ya nyumbani, lakini kwa nambari alidai tutumie Kiswahili. Kiingereza, alisema, kingenipa mimi nafuu kwa sababu ya vitabu vyangu, na Ekegusii kingempa yeye, kwa kuwa kwa lugha hiyo nisingethubutu kumpinga mtu wa umri wake. Kwa Kiswahili sote tulikuwa wageni, tukikaa wima kama watu waliokaribishwa. Anti alichambua mboga kando yetu akijifanya hasikii. Siku tuliyogombana kama sifuri ni nambari ya kuhesabia au la, mimi nikitetea kwamba vitabu vyangu vinaanzia hapo na yeye akidai kuhesabu huanza na moja, aligonga kiti kwa kiganja: "Nani aliwahi kuwa na ng'ombe sifuri?"

"Mimi," akasema Anti bila kuinua kichwa. "Tangu umuuze ng'ombe wangu, ninao sifuri. Nawaona pale zizini kila asubuhi."

Mwalimu alitazama zizi. "Sifuri nitaifikiria," akasema.

Nifikiripo sasa, naona kwamba hatukuwa tukibishana juu ya kitu kimoja. Kwake lilikuwa swali la ukweli: mtu asiseme ana kitu ambacho hana. Kwangu lilikuwa jambo la aibu zaidi, na sikuwahi kumwambia mtu mpaka alipolitoa yeye. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikihesabu kitandani, na hofu ilinishika kwa kuwa kila nambari ilikuwa na nyingine nyuma yake, na nyuma yake nyingine, na hapakuwa na mahali pa kuketi. Kisha, katika kile kitabu kisicho na jalada, nilikuta nambari zote zimeandikwa kwenye nusu mstari: mabano yakafunguka, moja, mbili, tatu, nukta tatu, mabano yakafungwa. Zote. Zimekwisha kukusanywa, na mtu amefunga mlango nyuma yao. Siwezi kueleza jinsi nilivyopumua siku ile. Nilidhani kwamba kama kitu kama hicho kinaweza kuwa kizima, basi pengine hata mimi.

Nilimwonyesha mabano yale jioni moja ya mvua nyepesi. Alivaa miwani akaitazama simu yangu karibu, kisha mbali. "Hizi nukta tatu," akasema, "wewe unaziona ni kitu. Mimi nimeziandika ubaoni maisha yangu yote. Nukta tatu ni mwalimu amechoka kuandika, anawaambia watoto: endeleeni."

"Na mabano ya kufunga?"

"Hayo ni kengele ya mapumziko." Akanirudishia simu. Kisha akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. "Unataka sana yafungwe. Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kitanda, hofu, karatasi ndani ya soksi. Aliposikia soksi hakucheka, na kwa hilo nitampenda daima. Alisema tu, "Siku ile ulikuwa umevaa viatu gani?" nikamwambia raba, akatikisa kichwa kana kwamba hiyo ndiyo sehemu aliyokuwa haielewi.

Nilimpata mara moja tu, au nilidhani nimempata. Tulikuwa tukirudi kanisani kwa miguu, kwenye njia nyembamba kati ya mashamba ya majani, na yeye mwenyewe alikuwa amefundisha asubuhi ile juu ya Mungu ajuaye yote. Nikamuuliza: Mungu anazijua nambari zote? Akisema ndiyo, basi zipo zote pamoja, mbele ya macho Yake, nzima kabisa. Akisema hapana, wazee wenzake wamsikie. Hakunijibu jioni ile, wala kesho yake, na nilienda shambani kila siku nikiwa na furaha mbaya. Juma lilipoisha, alinikuta nikitua kikapu. "Mungu hafiki mwisho ndipo ajue," akasema. "Sisi ndio tunaojua kwa kufika. Usivae miwani ya Mungu, Gesare. Haikupimiwa wewe, utaanguka ngazini."

Nilipaswa kucheka, na hapo ndipo nilipoacha kucheka. Nilianza kuamini kwamba ningempata kwa hoja moja isiyo na ufa, na kwamba nikiipata hiyo ndipo nitakuwa tayari kurudi chuo. Niliitunga nikichuma, niliitunga nikiosha vyombo, nikaandika mstari wake wa kwanza nikaukata. Ndizi ziliiva chini ya kitanda zikabebwa, zikaja nyingine. Anti aliniuliza nitafunga mizigo lini. Nikamjibu: nikimaliza na Mwalimu. Aliniuliza tena mahindi yalipokomaa, na nikatoa jibu lilelile, na safari hii alisimama akinitazama, mwiko mkononi, mpaka ugali ukaanza kunuka kwa kuungua. Mwaka wangu ulikuwa umebakiwa na siku chache. Nilijua hivyo. Lakini mimi huwa najua mambo mengi kwa namna ya mtu anayetazama maji yakipanda akiwa bado anatafuta viatu vinavyofanana.

Kisha ikaja ile alasiri ya mvua ya mawe. Milimani kwetu mawe huja bila taarifa, yanapasua majani ya migomba na kuukatakata mchai, na juu ya mabati kelele yake ni kama mbingu imemwaga changarawe. Nilikuwa chumbani kwangu. Anti na Mwalimu walikuwa jikoni, ukuta mmoja tu kati yetu, wamekimbilia moto. Sikusikia lolote. Halafu mawe yakakoma, ghafla, kama mtu aliyefunga mfereji, na wale wawili walikuwa bado wanapaaza sauti kushindana na mvua ambayo haikuwapo tena.

"Mwambie ameshinda!" Sauti ya Anti ilijaza boma. "Neno moja tu! Mwambie ameshinda, aende!"

Maji yalidondoka kwenye pipa. Nadhani walitazamana. Kisha nikamsikia Mwalimu, sasa kwa sauti ya chini, lakini ukimya wa baada ya mawe ulibeba kila neno.

"Mama Moraa, siwezi."

"Huwezi au hutaki? Ni nambari tu! Zitakuuma? Mtoto anapoteza masomo, wewe unang'ang'ania nambari!"

"Nikimwambia ameshinda na hajashinda, ataondoka hapa amebeba huruma yangu. Atafika chuo, atakutana na swali la kwanza, ataligundua. Unajua yule huona kasoro hata kwenye maji." Moto ulipasuka. "Na tena, huyu ndiye mtu pekee tangu nistaafu anayenipinga kama mtu mwenye akili. Nimdanganye huyo?"

"Sasa afanye nini?"

"Aende hajashinda. Watu huenda."

Anti akasema neno la Ekegusii ambalo sitaliandika. Kisha akaongeza, polepole, na nikajua analia: "Asipoenda, lawama ni yako." Naye akajibu kwamba ndiyo, anajua, ni yake.

Niliketi juu ya kitanda, miguu ikigusa magunia. Dirishani baridi ya mawe ilikuwa ikiingia, na nje dunia ilikuwa nyeupe vipandevipande, ikiyeyuka. Nilitaka kuumia, na niliumia. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimemsubiri mzee yule anifungulie mlango, na sasa nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba hatafungua. Lakini chini ya maumivu palikuwa na kitu kingine, kilichokuja taratibu kama ule ukungu wa asubuhi. Kila mtu aliyewahi kunipenda alikuwa amenidanganya kidogo kwa ajili ya amani yangu. Umefanya vizuri, Gesare. Haidhuru, Gesare. Huyu alikuwa tayari kulaumiwa na mke wake mpaka kufa kuliko kuniambia kitu asichokiamini juu ya nambari. Sikuwahi kuheshimiwa hivyo. Sijui kama nimeheshimiwa hivyo tena.

Asubuhi tulikunywa chai na viazi vitamu, sote watatu tukijifanya jana haikuwapo. Anti alinimiminia kikombe kikajaa mpaka ukingoni. Nikasema, nikitazama chai, "Mwalimu, naenda Jumatatu."

Aliweka kiazi chini. "Na zile nambari?"

"Hatujamaliza."

Akanitazama, kisha akamtazama mkewe, kisha uso wake wote ukacheka kuanzia machoni. "Mama Moraa, umesikia? Mwaka mzima, na leo tumekubaliana jambo."

Hatukukubaliana lingine. Nilimaliza chuo, sasa nafundisha, na aliendelea kunipigia simu, kila mara kabla jua la Ijumaa halijazama, kwa sababu Sabato ikishaingia hakutaka kukasirika. Niliendelea kuamini kwamba nambari zote zipo pamoja, nzima, na yeye aliendelea kuamini kwamba kuna moja, kisha inayofuata, na basi. Sifuri aliikubali, miaka mingi baadaye, kwa heshima ya Anti. Wiki ya mwisho, sauti ikiwa imekwisha, aliniuliza kama bado nayafunga mabano yangu. Nikamwambia ndiyo. Akasema vizuri, na mimi sijakubali.

Lakini ninachotaka kukiweka hapa ni kile chumba cha mtihani niliporudi. Kilikuwa ukumbi mkubwa wenye baridi, feni zimesimama, msimamizi akitembea kwa viatu vya mpira visivyo na sauti. Nilifungua karatasi. Swali halikuwa gumu. Niliandika mstari wa kwanza na mara moja nikaiona kasoro yake, palepale, wazi kama jino lililong'oka: neno moja lililo legelege, na hatua iliyodai kuelezwa zaidi. Kalamu ilikwenda yenyewe kuukata. Ikasimama juu ya karatasi. Sikuweza kusogeza mkono upande wowote. Msimamizi akapita. Mtu nyuma yangu akakohoa. Mstari ule ulikuwa bado pale, mbaya vilevile.

Nikaandika wa pili.